Sakafu Haidanganyi

Jumatatu, 3 Agosti

Mawingu toka alfajiri. Manyunyu ya kuudhi, si ya kumfanya mtu aanue nguo, si ya kumfanya aziache.

Mume wangu kaja na habari nusu kutoka mazoezini. Nusu nyingine nimeivuta mwenyewe, polepole, kama uzi uliokwama kwenye bobini. Jemadari, kiongozi wa bendi, ametangaza kwamba mtindo mpya sasa ni rasmi. Kinanda mbele, ngoma za mashine nyuma, mwendo wa mbio. Wapulizaji walikuwa watatu. Wa saksafoni anauza mkaa. Wa tromboni anaendesha lori la mchanga. Amebaki mume wangu na tarumbeta yake, naye atapimwa Jumamosi hii ukumbini. Watu wakijaa sakafuni anapopiga, anabaki. Wasipojaa, asante kwa utumishi, mlango ule pale.

Ndivyo Jemadari anavyoamua mambo yote. Hamwulizi mtu. Anakaa kando ya ngoma, miwani puani, anatazama sakafu ya kuchezea. Wimbo ukiwarudisha watu vitini, anaufuta. Sakafu haidanganyi, ndio msemo wake. Aliwahi kuufuta hivyo wimbo aliomtungia mama yake mzazi, mama mwenyewe akiwa amekaa meza ya mbele.

Nimemwambia mume wangu asihofu. Mimi ni mwenyekiti wa Wapenzi wa Shaba, chama cha mashabiki wa mtindo wa zamani, na wanachama wangu wananisikia. Akasema, Fundi wangu, tafadhali, safari hii kaa tu usikilize. Ananiita Fundi wangu tangu siku nilipomrekebishia koti lake la kwanza la jukwaani. Nikamwambia ndiyo, nitakaa. Kumbe ndipo wazo lilipoingia!

Kukaa!

Mpango ni huu. Sakafu haidanganyi? Basi tutaifundisha kudanganya. Wimbo wa mtindo mpya ukianza, Wapenzi wa Shaba wote wakae vitini. Ukija ule wimbo wa zamani wa salamu, wenye tarumbeta ndefu, ambao bila shaka ndio watampimia, wote wainuke kama mchwa wenye mbawa baada ya mvua. Jemadari ataona kwa macho yake. Kinanda kinafukuza, tarumbeta inaita. Rahisi namna hiyo.

Binti yetu amenisikia nikicheka peke yangu jikoni. Ameuliza nani kafa.


Jumanne, 4 Agosti

Jua la kuchomoza na kurudi ndani, kama mtu aliyesahau funguo.

Siku ya kazi nyingi. Kwanza, Mama Kope. Huyu ana duka la vipodozi mkabala na cherehani yangu, na ndiye kiongozi wa Chipukizi, mashabiki wa mtindo mpya. Kope zake za kubandika ni ndefu hivi kwamba akipepesa, naona vumbi la barabarani linahama. Na binti yangu mwenyewe anafanya kazi kwake, anapaka watu kucha! Adui ana mateka wangu.

Kaja bila aibu kuniletea kitambaa. Anataka sare za Chipukizi za Jumamosi. Blauzi za njano, mikono mirefu. Nikamuuliza kwa nini aje kwangu. Akasema, sasa fundi, mtaa mzima huu nani mwingine anajua kukata bega? Sifa ya kinafiki. Nimeipokea.

Halafu nikafikiri. Mtindo mpya unachezwa mikono juu. Wote, juu, kama wanaoibiwa. Je, kama kwapa la blauzi litakuwa limebana kidogo? Kidogo tu. Mtu akiwa wima ataona limemkaa vizuri. Akinyanyua mkono, mkono utakataa.

Nimekata makwapa mafinyu. Imeniuma. Marehemu mwalimu wangu wa ushonaji alikuwa akisema mshono mbaya ni uongo unaotembea barabarani. Lakini hakuwa na mume wa tarumbeta.

Pili, Vidole. Ndiye kijana wa kinanda, aliyeleta balaa lote hili. Kaja na suruali anataka ipunguzwe. Nimeipima: haikuhitaji kupunguzwa hata unene wa chaki. Naye haondoki. Amekaa kwenye kigoda, kaweka simu mezani karibu na cherehani, kwa adabu nyingi mno. Shikamoo mama, endelea tu mama, usinijali mama.

Jasusi! Ametumwa anase siri za chama. Lakini mimi si wa leo. Nikafunga mdomo, nikashona tu. Bega la kwanza, bega la pili, bega la tatu. Arekodi cherehani kama anaipenda sana! Alipoondoka aliniamkia tena na kunishukuru, usoni ana furaha ya mjinga.

Suruali yake nimeipunguza. Sana.


Jumatano, 5 Agosti

Joto. Hewa haisogei.

Leo mazoezi ya wazi ukumbini, mchana, mashabiki wanaruhusiwa. Nimeona niujaribu mpango kabla ya Jumamosi. Ishara: nikijitanda mtandio mwekundu kichwani, wote wanakaa. Nikiuvua, wote wanasimama.

Aibu.

Wimbo mpya wa kwanza, nimejitanda, wote wamekaa. Safi kabisa! Jemadari kaangalia sakafu, kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Moyo wangu ukacheza peke yake. Lakini katikati ya wimbo, mpiga gitaa akachomeka kipande kidogo chenye ladha ya zamani. Kidogo tu! Nikaona bega la kushoto la Kinyozi limeanza. Kinyozi ni makamu wangu, mtu mzima, ana wajukuu. Nikamkazia macho. Bega likatulia. Likaanza la kulia. Kabla sijafika kwake alikuwa ameshainuka, na nyuma yake nusu ya chama, wanakata mauno na mtindo mpya kama waliozaliwa nao.

Mama Kope akapiga kelele kutoka upande wa pili: wazee, goti limepona? Au mmekalia sindano za fundi?

Chipukizi wote wakacheka. Binti yangu akacheka. Mume wangu, jukwaani, hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi na mtandio wangu kichwani katika joto lile. Nadhani alielewa. Alitikisa kichwa taratibu.

Kinyozi amejitetea kwamba kichwa chake kilikataa, ni miguu ndiyo iliyokubali. Nimemwambia chama hakiongozwi na miguu.


Alhamisi, 6 Agosti

Asubuhi ya baridi, ukungu mpaka saa mbili.

Kikao cha dharura kibandani kwa Kinyozi. Kitambaa cha kunyolea shingoni mwa mteja, mteja naye kageuka mjumbe. Nimepitisha sheria mpya. Moja: viti vyote vya Wapenzi wa Shaba vitageuzwa, migongo kwa jukwaa, ili macho yasishawishike. Mbili: aliyekaa amekaa. Hanyanyuki mpaka wimbo uishe, asikie atakachosikia. Kinyozi akauliza, je, wakipiga kitu kizuri? Nikasema hata wakipiga malaika.

Akauliza tena, je, shemeji akipiga ndani ya wimbo mpya? Nikamwambia asiniletee habari za kufikirika. Tarumbeta ni ya nyimbo za zamani. Kila mtu anajua.

Jioni mume wangu kaja dukani kwangu na tarumbeta mkononi. Akasimama mlangoni mpaka mteja alipotoka. Akasema, kuna kitu nataka usikie, wewe endelea kushona, usiache, mimi nitapiga juu yake. Juu ya nini? Juu ya cherehani. Nikamwuliza kama ana homa. Nina blauzi za watu, nina hesabu ya viti, nina mtandio wa kupiga pasi, na vyote hivyo ni kwa ajili yake! Nikamwambia akafanye mazoezi bafuni kama siku zote, sauti inatoka vizuri zaidi kule.

Akasema haya. Akasema, basi Jumamosi utasikia.

Akaenda bafuni. Nilimsikia kwa mbali. Kipande kimoja tu, anakirudia, anasimama, anakirudia. Sikukijua. Nikaongeza kasi ili nimalize.


Ijumaa, 7 Agosti

Jua kali. Nguo zimekauka kabla sijamaliza kuzianika.

Nimemkabidhi Mama Kope blauzi zake. Akajaribu moja palepale. Mbele ya kioo, safi. Akanyanyua mkono. Mkono ukafika usawa wa sikio, ukagoma. Akasema, fundi, kama panabana hapa? Nikasema kitambaa kipya, kitalegea kikizoea mwili. Akanitazama na kope zile. Akasema haya, wewe ndiye unayejua.

Nilidhani amemaliza. Mlangoni akageuka, akasema nimwambie Mapafu, ndivyo mashabiki wanavyomwita mume wangu, kwamba Jumamosi wote wanamsubiri. Kejeli ya waziwazi!

Binti usiku huu kaja kunisaidia kukunja mtandio. Kazunguka maneno. Mama, kesho ukisikia kitu usichokitarajia, utafanyaje? Nikasema mwenyekiti huwa anatarajia kila kitu. Akasema, Mama, mwache baba apige. Nikasema ndicho ninachokipigania! Akasema ameapa kutosema.

Nimeandika kila kitu sawasawa. Viti vimekubaliwa. Ishara inajulikana. Hakuna pa kukosea.


Jumapili, 9 Agosti

Sikuangalia hali ya hewa.

Naandika kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho sitamaliza.

Ukumbi ulijaa. Sisi upande wetu, viti vimegeuzwa, tunatazama ukuta wenye bango la zimamoto. Chipukizi upande wao, wa njano kama vifaranga. Mume wangu amevaa koti lake lile la kwanza. Nilishangaa. Halimtoshi tena tumboni, na alikuwa amelinyoosha mwenyewe, kola ina mstari usiostahili.

Nyimbo mpya tatu za mwanzo, mpango ukaenda kama maji. Najitanda, tunakaa. Hata Kinyozi alitulia, alikuwa ameweka mkoba wa mkewe mapajani na kuukumbatia. Sakafu ikawa nusu. Na Chipukizi nao, makwapa yakafanya kazi yake! Mikono inafika masikioni, inashuka. Walicheza kama watu wanaozungumza na simu mbili kila mmoja. Nilijipongeza. Nakiri nilijipongeza.

Kisha Jemadari akashika kipaza sauti. Akasema wimbo unaofuata ni mpya kabisa, ni zawadi kwa wazee wetu Wapenzi wa Shaba. Akawaomba vijana wakae kidogo, wawaachie wenyewe sakafu. Vijana wakakaa. Kwa heshima kabisa, wakakaa.

Sakafu nzima, tupu. Wote wakanigeukia mimi.

Nikafikiri haraka. Mpya kabisa, kasema. Zawadi, kasema. Mtego! Anataka tuinuke kwenye wimbo mpya, kesho aseme hata wazee wameukubali. Mashine ikaanza kupiga. Ngoma za mashine, kama nilivyosema! Nikajitanda mtandio.

Tukakaa. Migongo kwa jukwaa.

Lakini ile ngoma. Haikuwa ngoma hasa. Ndefu, ndefu, fupi, halafu kimya. Ndefu, ndefu, fupi, halafu kimya. Nikadhani ni masikio yangu yananidanganya. Mkono wangu ukaanza kufanya kitu mapajani kabla sijajua ni nini. Ulikuwa unasukuma kitambaa. Ndivyo ninavyoshona bega. Na pale kimya, ndipo ninaponyanyua mguu wa cherehani kugeuza pembe.

Ndani ya kimya kile ikaingia tarumbeta.

Ni kile kipande cha bafuni. Safari hii hakikusimama, kiliendelea. Kilikuwa kinaenda polepole juu ya cherehani yangu, kinaisubiri nigeuze pembe, kinaingia, kinatoka, kama mtu anayepita mlangoni na kuchungulia kama umemaliza kazi mkalale. Sijawahi kumsikia akipiga hivyo. Kinyozi akaninong'oneza, mwenyekiti, huyo ni shemeji. Nikasema najua. Akasema, mwenyekiti, vua mtandio. Machozi yanamtoka, kakumbatia mkoba.

Ningeuvua. Ni kitu cha kuvuta tu. Lakini sheria ilikuwa yangu, wiki hiihii, hata wakipiga malaika. Na chama kizima kinanitazama, na nimewapigia kelele kwa ajili ya bega moja la Kinyozi. Nikajiambia kipande hiki kikiisha tu. Kikaisha. Nikajiambia kinachofuata.

Mtu mmoja alicheza. Nilimwona kwenye kioo cha bango la zimamoto. Mama Kope. Aliinuka peke yake, akaenda katikati ya sakafu yote ile, akacheza kwa utulivu, si mtindo wao, mtindo wetu. Akanyanyua mkono kumwelekea mume wangu. Blauzi ikapasuka kwapani. Nikausikia mshono wangu ukiachia, au nilidhani nimeusikia. Hakuushusha mkono. Akacheza hivyohivyo na tundu lake mpaka mwisho.

Sakafu ya watu mia, mtu mmoja.

Tarumbeta ikanyamaza. Cherehani ikaendelea kidogo peke yake, nayo ikanyamaza. Jemadari aliitazama sakafu. Alivua miwani, akaiweka mfukoni.

Baada ya hapo walipiga ule wimbo wa zamani wa salamu. Nilivua mtandio. Hakuna aliyeinuka.


Jumatatu, 10 Agosti

Mvua. Mvua kweli, sasa inanyesha.

Mume wangu ameiweka tarumbeta ndani ya mfuko wa mahameli niliomshonea, kaufunga kamba, kausukuma chini ya kitanda upande wa ukutani. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Nilimwandalia maelezo toka jana asubuhi, yana sehemu nne.

Nilipoanza sehemu ya kwanza, akasema hapana neno. Jemadari ameamua kwa haki. Sakafu haidanganyi.

Nikasema safari hii imedanganya! Akatabasamu kidogo. Akasema alikuwa ananiona kutoka jukwaani. Mgongo tu. Akasema lile gauni limekukaa vizuri sana mgongoni, Fundi wangu, sikuwahi kuliona kwa nyuma.

Sikuweza kuendelea na sehemu ya pili.

Binti ndiye aliyenimalizia mengine, akiwa amesimama, mkoba begani, anachelewa kazini makusudi. Wazo la wimbo lilikuwa la baba yake. Mume wangu ndiye aliyemtuma Vidole na suruali. Hakuwa na jinsi nyingine ya kunasa sauti ya cherehani bila mimi kujua. Jemadari alikuwa hataki, akisema wapulizaji wamepitwa na wakati. Vidole ndiye aliyemshawishi wiki tatu. Alimwambia tarumbeta inaweza kuishi ndani ya mtindo mpya, na watakaothibitisha ni wazee. Wimbo unaitwa Fundi Wangu.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, Mama, nilikuambia umwache baba apige. Halafu akasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Halafu akaniambia pole, akaenda kazini.

Nimekaa kwenye cherehani. Nimeshona bega moja. Ndefu, ndefu, fupi. Nilipofika pa kugeuza pembe nikaacha. Nguo ya mtu imebaki vilevile, nusu bega.


Jumatano, 12 Agosti

Mawingu, hakuna mvua.

Mama Kope kaleta blauzi zote za Chipukizi nipanue makwapa. Amezibeba mwenyewe. Nilimsubiri aseme. Hakusema. Aliweka mzigo mezani, akasema kitambaa kilikataa kuzoea mwili. Nikasema ndiyo, vitambaa vya siku hizi. Akasema ndiyo, siku hizi.

Kisha akauliza Mapafu anaendeleaje. Nikasema analala. Akasema mchana huu? Nikasema analala.

Akabandua kope moja iliyokuwa imelegea, akaitazama kidoleni, akasema kwamba yeye alikutana na marehemu mume wake kwenye tarumbeta ya Mapafu. Ukumbi uleule. Nikamwuliza kwa nini basi anaongoza Chipukizi. Akashangaa. Akasema, fundi, bendi ni ileile! Ningekaa nyumbani, ningewaona wapi?

Nimepanua makwapa yote. Sijashona vizuri namna hiyo toka nikiwa mwanafunzi. Sikumwambia kitu, ila nimemwekea kipande cha ziada kwa ndani, akitaka kunyanyua mkono mpaka mbinguni unyanyuke.

Vidole naye alipita. Suruali yake inaishia juu ya vifundo, kavaa hivyohivyo, vijana wengine wawili nimewaona wamekunja zao zifanane na yake. Hakuingia. Aliniamkia kutoka barabarani, akapita.


Alhamisi, 13 Agosti

Jua.

Nimesikia tarumbeta.

Nilikuwa napiga pasi. Ndefu, ndefu, fupi, kimya, halafu yeye. Nikaacha pasi juu ya kitambaa (kola imeungua, nitaisema nilikuta hivyo), nikakimbilia nyumbani, nusu ya njia sina kiatu kimoja. Nikamkuta kitandani, amelala chali, macho wazi, mikono juu ya tumbo. Mfuko uko chini ya kitanda, kamba imefungwa.

Tarumbeta ilikuwa inatoka kwenye spika ya duka la Mama Kope. Vidole aliinasa mazoezini. Iko ndani ya kinanda. Anabonyeza kitufe kimoja, mume wangu anapiga.

Mume wangu anajua. Kijana alikuja kumwomba ruhusa, kapiga magoti kabisa. Akamwambia chukua mwanangu, itakaa huko, humu ndani itapata kutu.

Binti anasema wimbo ulipigwa jana ukumbini. Anasema hakuna aliyebaki kitini. Vijana, wazee, mpaka mkata tiketi. Kinyozi aliongoza. Kinyozi! Jemadari alikuwa anacheka, anapiga paja lake, anasema sakafu haidanganyi. Nilimwuliza mahali pa mume wangu jukwaani pamewekwa nini. Akasema spika ya pili.


Ijumaa, 14 Agosti

Asubuhi shwari, upepo mwepesi, mawingu membamba kama pamba iliyochambuliwa. Siku njema ya kufikiri.

Nimefikiri.

Kosa letu lilikuwa kukaa. Sasa naliona wazi. Jemadari anasoma sakafu, si ndiyo? Basi asomeshwe! Kesho wakipiga Fundi Wangu, Wapenzi wa Shaba wote, bila kukosa mmoja, tutainuka kwenye sauti ya kwanza kabisa. Tutacheza kuliko Chipukizi. Tutacheza mpaka mbao za sakafu ziombe msamaha. Jemadari ataona tarumbeta inavyojaza ukumbi, na atamrudisha mume wangu. Hana njia nyingine. Sakafu haidanganyi!

Nimemweleza Kinyozi wakati ananyoa mtu. Akasimamisha wembe. Akasema, mwenyekiti, lakini tukicheza hivyo, si atasema kitufe kinatosha? Nikamwambia ndiyo maana yeye ni makamu. Akaendelea kunyoa.

Ishara ni ileile, kinyume chake. Mtandio ukitoka, wote juu. Na sheria: aliyeinuka ameinuka. Hakai mpaka wimbo uishe, asikie atakachosikia.

Mama Kope nimemwomba Chipukizi watuunge mkono. Kanitazama muda mrefu, mpaka nikadhani nimevaa nguo kinyume. Akasema atakuja, atacheza. Akasema, lakini fundi, na wewe siku moja ungekaa naye tu. Sikuelewa. Nani wa kukaa wakati huu?

Mume wangu sijamwambia. Itakuwa zawadi. Alikula kidogo, akaniuliza kwa nini sishoni mabega siku hizi. Nikamwambia nina mambo mengi ya kupanga. Akasema haya. Alilala kabla ya saa tatu, uso ukutani, kama mtoto aliyefungiwa nje ya mchezo.

Mtandio nimeupiga pasi. Viti nimevihesabu. Hakuna pa kukosea.

Nyongeza, Jumamosi asubuhi: sikupata usingizi. Miaka yote hii nimekuwa nikilala kwa kumsikia anarudi. Mlango, viatu, halafu mfuko wa tarumbeta unatua taratibu kwenye kiti ili nisiamke, nami nikiwa macho nasubiri hasa kutua kule. Jana alikuwa pale pale ubavuni mwangu toka jioni, nami nasubiri mlango. Nililala saa tisa, saa yake ya kurudi.